Kaburi la Premji Nililoingia Mimi

Aibu hii sitaificha, maana hata nikiificha itanifaa nini, mji mzima wa Mpwapwa uliniona nikivutwa kutoka shimoni kwa kamba ya ng'ombe, mguu mmoja juu na mwingine unatafuta ukuta, na ambao hawakuwapo wamesimuliwa na waliokuwapo, na watu wa Kongwa wamesimuliwa na wa hapa, na nasikia hata Haneti (ambako sijakanyaga tangu nizaliwe) kuna mama alimwuliza mpagazi mmoja, "Yule mke wa mwalimu aliyefufuka, bado yu hai?" Basi bora niseme mwenyewe, ili pale walipoongeza chumvi niipunguze, na pale walipoisahau niitie.

Mimi naitwa Raheli. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa ambalo mbele yake hapakuwa na darasa lingine, walimu wakaishiwa cha kunifundisha, wakaniozesha mwenzao. Mume wangu ni Mwalimu Natanieli, mtu mpole, mwema, mwenye mwandiko mzuri kuliko wa karani wa boma, na ambaye kila lilipotokea jambo la maana nyumbani kwetu yeye alikuwa safarini na padre. Safari hii walikuwa wamekwenda Kongwa kuwapima wanaongojea ubatizo, mimi nikabaki katika tembe letu na mama mkwe na mwanangu wa kwanza, mtoto wa kiume wa kunyonya, ambaye alikuwa na homa.

Hapo kwenye homa ndipo penye jambo lote, kwa hiyo msinipite mbio.

Makaburi ya misheni yetu yana ua wa miiba kuzunguka pande zote, kama zizi. Ndani ya ua wanalala waliobatizwa. Ambaye hakubatizwa analala nje, hata awe mtoto ambaye dhambi yake kubwa duniani ni kumng'ata mama yake ziwa, hata mama huyo awe anausoma Waraka kwa Warumi bila kupumzika njiani. Mimi sikuwahi kuiona kanuni hiyo imeandikwa, lakini Mzee Yakobo, mzee wa kanisa letu, anaijua kama anavyoijua njia ya mdomo wake. Na mwanangu alikuwa hajabatizwa, kwa sababu padre habatizi siku yoyote, anabatiza Jumapili zake maalumu, na Jumapili yetu ilikuwa ile inayokuja. Nilikuwa namnyonyesha huku namwambia, "Vumilia, baba, Jumapili tu, ukishatiwa maji ugua utakavyo." (Msinitazame hivyo. Aliyewahi kushika mtoto anayewaka kama jiko atanielewa.)

Mtu pekee aliyenisaidia katika homa ile hakuwa wa kanisa. Alikuwa Premji, Banyani mwenye duka karibu na boma, aliyekuwa akiuza chumvi, kaniki, shanga na misumari. Premji alikuwa hali nyama, katika nchi hii ya Ugogo ambayo ukiondoa nyama na maziwa kinachobaki ni mlenda na jua, kwa hiyo watu wote walikuwa wakimhurumia kama mgonjwa. Yeye alikuwa na kwinini aliyopewa na daktari wa Kijerumani. Aliisaga kwenye karatasi, akanipa, akasema, "Mpe kidogo kidogo na maziwa yako, mama, asitapike." Nikataka kumshukuru, akageukia misumari yake.

Asubuhi moja nikaamka nikasikia Premji amekufa. Alikaa kunywa chai, hakumaliza.

Basi nikaumia kweli, na katika kuumia kwangu ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, kijiuamuzi hivi, kama punje ya ulezi: nikasema tumchimbie kaburi. Ndugu yake, Ratanji, alikuwa ndani ya duka na Wahindi wenziwe, mlango umerudishwa, wanamwosha maiti. Ningeweza kubisha hodi nikauliza. Mlango ulikuwa pale, na mkono ulikuwa wangu. Lakini mimi msomi, nikajiambia kwamba wafiwa hawasumbuliwi kwa maswali, na kwamba kuzika ni kuzika, mtu gani asiyezikwa.

Hapa niwaeleze kidogo, ili msinione mjinga peke yangu. Zamani hapa kwetu mwenye mji alizikwa zizini, chini ya kwato za ng'ombe wake, aendelee kuisikia mali yake ikicheua. Wengine, yaani maskini na watoto na wageni, walipelekwa porini, na fisi akamaliza ibada. Kisha ikaja misheni na majembe, na sasa Mkristo wa Mpwapwa hana kitu anachojivunia kama kaburi: liende chini, kingo zake zinyooke, kichwa kilale magharibi ili parapanda ikilia mtu ainuke akiwa tayari ametazama mashariki, asipoteze muda wa kugeuka. Kumwacha jirani bila kaburi ni kumrudisha kwa fisi. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo nilivyofundisha wengine, kwa sauti, siku za Jumatano.

Nikawaendea vijana wa kanisa. Nilidhani watanipinga, lakini walishika majembe kabla sijamaliza sentensi, nami nikajisifu moyoni kwamba mafundisho yangu ya Jumatano yameingia. Hayakuingia popote. Vijana walikuwa wameona tangu alfajiri mtumishi wa Ratanji akipita kila tembe kununua samli, samli yote, hata ya mama mkwe aliyoiweka kwa ajili ya wageni, na wameona wapagazi wakibeba kuni kuelekea mtoni, mizigo kwa mizigo, na kwa hesabu ya matumbo yao samli pamoja na kuni ni wali. Walichimba kaburi lile kwa nguvu za wali. Mpaka leo sijaona shimo refu kama lile kwa mtu mfupi kama Premji.

Nilipachagua mahali mwenyewe, nje ya ua lakini karibu, karibu kabisa, marehemu akinyoosha mkono ashike miiba. Mzee Yakobo akaja na koti lake (koti alilopewa siku ya ubatizo wake, na kwa kuwa yeye ndiye wa kwanza kubatizwa hapa, koti nalo ni mzee wa kanisa), akapima kwa macho.

"Raheli, huyu si wetu. Mbona umemsogeza hivi?"

"Yuko nje, mzee."

"Nje gani hii, mtu akipumua pumzi inaingia ndani?"

"Nje ni nje, mzee. Au ua una mkia?"

Damari, rafiki yangu, akacheka chini chini akaniambia nisimjibu mzee hivyo, Jumapili haiko mbali. Nikanyamaza. Nilinyamaza siku ile kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Jua lilipoanza kulegea tukawaona wanakuja. Wahindi wamevaa nyeupe, maiti imelala juu ya machela ya mianzi, wanaitika maneno yao kwa pamoja, wanakuja na njia ile ile ipitayo mbele ya makaburi. Nikawapanga watu wangu. Wanaume na majembe kulia, wanawake kushoto, mimi katikati na mtoto mgongoni, nikaanzisha wimbo, na wimbo ukashika vizuri hasa (vijana waliimba kwa njaa ya kweli). Wahindi wakafika usawa wetu. Ratanji akatutazama, akainamisha kichwa kwa heshima. Wakapita.

Wakaendelea kupita.

Tukafika ubeti wa pili, migongo yao ndiyo inatutazama. Damari akaniinamia sikioni. "Mwenzangu, maiti yako inakupita."

Nikakimbia. Msomi mzima, mke wa mwalimu, mtoto anarukaruka mgongoni, nakimbilia maiti ya watu njiani nikiita, "Bwana Ratanji, Bwana Ratanji, ni huku." Msafara mzima ukasimama. Waliobeba machela wakageuka na mzigo wao. Nikamwonyesha kwa mkono, kama mwenye nyumba anavyomwonyesha mgeni chumba. "Pole sana, bwana. Njia mmeikosa. Kaburi tumekwisha kulichimba, liko tayari, ni zuri."

Ratanji macho yake yalikuwa mekundu. Akaangalia majembe, akaangalia lile tuta la udongo, akanitazama mimi, na badala ya kunitukana (ningependa angenitukana, ningejua la kufanya) akaunganisha viganja vyake mbele ya kifua.

"Mama, ahsante. Ahsanteni wote. Lakini sisi hatuziki."

"Hamziki?"

"Tunachoma."

Mzee Yakobo alikuwa amekwisha kunifuata. "Mnachoma nini?"

"Ndugu yangu," akasema Ratanji. "Kule mtoni, kwenye mchanga. Kuni ziko tayari."

Kijana mmoja nyuma yangu akauliza polepole, "Na samli?" Mwenzake akamjibu, "Ndiyo hiyo hiyo ya kuwashia." Nikasikia majembe yanawekwa chini moja moja.

Wakaenda zao mtoni. Nasi tukabaki na shimo.

Ningekuwa na akili ningesema samahani, ningemchukua mtoto, ningerudi nyumbani kulala. Lakini ilipoanza kupanda moshi kule mtoni, mweupe kwanza kisha mweusi, watu wote walikusanyika ukingoni mwa kaburi kana kwamba wameitwa, na kila mtu akawa mwanachuoni.

"Siku ya mwisho atainuka na nini?" akauliza Mzee Yakobo, anawauliza watu lakini ananitazama mimi. "Parapanda imelia, wenzake wanajipangusa udongo, yeye amekuwa majivu, na majivu yamechukuliwa na mto. Ainuke nini?"

"Mto wenyewe mkavu," akasema Damari.

"Masika yatakuja."

"Basi atainukia Kilosa, mzee, ni mji mzuri."

Watu wakacheka, na Mzee Yakobo hapendi watu wacheke mahali ambapo yeye hajachekesha. Akafunga koti lake kifungo cha juu. Akasema hayo ya moto wamwachie Banyani na Mungu wake, lakini sisi tuna jambo letu hapa, kaburi limechimbwa na limekosa mtu, na kaburi lililokosa mtu hutafuta mtu.

Sasa niwaambie, maneno hayo hayamo katika kitabu chochote cha kanisa letu. Nimevisoma vyote, havikuwa vingi. Lakini nilipotazama nyuso za watu waliobatizwa, walioshika vitabu vya nyimbo mikononi, niliona hakuna hata mmoja anayebisha. Waliitikia kwa vichwa kama ng'ombe waliofika mtoni.

"Lifukieni basi," nikasema. "Udongo huo hapo, majembe hayo hapo."

"Kufukia shimo tupu ni kumzika mtu ambaye hajatajwa," akasema Mzee Yakobo. "Atatajwa baadaye." Akakohoa kidogo, kile kikohozi cha watu wanaotaka kusema jambo la huruma. "Kwa hiyo nasema hivi, jina lisitajwe mbele ya shimo hili, hapa hapabatizwi mtoto Jumapili hii. Tungoje. Kaburi lipate mwenyewe kwanza."

Na macho yao, jamani, sitayasahau. Hakuna aliyeamriwa atazame, lakini yaligeuka yote pamoja, yakapita juu ya bega langu, yakatua mgongoni kwangu. Mama mmoja nyuma akasema kwa sauti ya upole, ile ya kupokezana chakula, "Na yule mtoto, maskini, hata leo ameamka anaumwa."

Nieleweni nilivyosikia. Kwanza wamemnyima ubatizo. Pili wamemwonyesha kaburi. Tatu kaburi lenyewe ni la nje ya ua, limechaguliwa na mama yake, na ni zuri. Waliyapanga yote kwa utaratibu, bila ubaya wowote, kama wanaotandika kitanda cha mgeni.

Hasira ikanipanda mpaka masikio yakaziba. Nikasema, "Ni shimo. Mmechimba shimo. Mnaliogopa shimo, ninyi mnaoimba kaburi uko wapi ushindi wako? Linataka mtu? Haya, limepata." Nikashika kingo nikajitelemsha ndani.

Juu nikasikia watu wanavuta pumzi kwa pamoja, uuu, kama upepo. Nikafurahi. Nilidhani wamestaajabia imani yangu. Nilisimama pale chini nimeweka mikono kiunoni, nimetazama juu kama nabii, natafuta neno zito la kuwaambia, na ndipo mgongoni kwangu mtu akakohoa.

Nilikuwa nimemsahau. Mtoto niliyekuwa nikimtetea, mtoto ambaye kwa ajili yake nilikuwa tayari kumvua Mzee Yakobo koti lake mbele ya mkutano, nilikuwa nimeshuka naye kaburini kama mzigo wa kuni.

Kuanzia hapo sikuwa nabii tena. Nikataka kutoka. Nikaruka, vidole vikafika ukingoni, udongo ukamomonyoka ukaniingia machoni. Ule mti wenye matawi ambao wachimbaji hupandia walikuwa wamekwisha kuuondoa. Nikasema, "Nipeni mkono." Hakuna aliyesogea. Nikasema tena, nikidhani hawakusikia.

"Mama mwalimu," akasema kijana mmoja, naye nusura alie, "aliye kaburini hashikwi mkono. Anayemshika wamebadilishana mahali."

"Nani kasema?"

"Hivyo ndivyo ilivyo."

Nikamfungua mtoto mgongoni, nikamwinua juu kwa mikono miwili, juu kabisa, mpaka kichwa chake kikapita ukingo wa kaburi. "Mimi niacheni. Mpokeeni huyu." Na hapa dhihaka zangu zinakwisha kidogo, mtaniwia radhi. Niliona miguu yao yote, iliyopakwa vumbi na iliyooshwa, na niliona miguu hiyo ikirudi nyuma, mmoja baada ya mwingine. Hata ya Damari ilirudi, kisha ikasimama, kisha ikasogea tena mbele, lakini ilikuwa imekwisha kurudi.

"Mbukwenyi," ikasema sauti.

Watu wakaitikia salamu kwa mazoea, na mikono miwili mikavu, yenye bangili za shaba, ikashuka ikamchukua mwanangu. Mama mkwe. Alikuwa zizini, mtu kamkimbilia kumwambia, "Mkazamwana wako kajizika," naye, kwa kuwa ni mtu asiyeshangaa, akachukua kamba ndefu ya ngozi ile wanayovutia ng'ombe matopeni, akaja. Mama mkwe hakubatizwa. Hakukataa ubatizo wala hakuukubali, anasema bado anausikiliza. Akamtia mtoto kifuani, akachungulia chini.

"We Raheli. Umeona nini huko?"

"Hakuna kitu, mama."

"Nilijua. Jifunge hii makwapani." Akatupa kamba. Kisha akawageukia vijana. "Vuteni. Mimi mzee, sina nguvu."

Vijana wakamtazama Mzee Yakobo. Mzee Yakobo akaitazama kamba kwa muda mrefu, mimi kule chini nimekwisha kujifunga kama ndama, naona kidevu chake tu na kifungo cha koti, kinafikiri. Hatimaye akatoa hukumu. "Kamba si mkono."

"Si mkono," wakakubali watu, wamefarijika.

"Yakobo," akasema mama mkwe, wala hakupandisha sauti. "Nimeambiwa unauliza yule mtu wa moto atainukaje. Baba yako tulimpeleka porini mwaka ule wa njaa, mimi nilikuwapo, nilikuwa msichana. Asubuhi palibaki ngozi aliyofungiwa. Yeye atainukia wapi? Atatoka kwa fisi yupi?"

Nikakiona kidevu cha Mzee Yakobo kinatikisika, na pamoja na hasira zangu zote, nikatamani asingeulizwa mbele za watu. Ndipo nikajua kwamba swali lile la parapanda hakuanza kuliuliza siku ile, na hakuwa akimwulizia Premji.

Wakavuta. Sasa, kuvutwa kwa kamba makwapani kunahitaji mtu aache nguo yake ijitunze, na yangu haikujitunza. Ya juu ilibaki kwenye mzizi, ya chini ilipanda ilikotaka. Mwili wangu ulikuwa nusu ndani nusu nje, tumbo kwenye ukingo, mdomo umejaa udongo, vijana wanaitana "haya, tena" kama wanamtoa dume matopeni, na mtu mmoja (nitamjua siku moja) akapaza sauti nyuma ya umati, "Lazaro, njoo huku nje," watu wote wakaangua kicheko cha kufa, na ni katika kicheko hicho ndipo nilipoinua uso nikaona kofia ya padre.

Walikuwa wamerudi kutoka Kongwa. Padre, wapagazi wawili, na Mwalimu Natanieli mume wangu, amebeba mwavuli wa padre, anatazama mkewe anavyozaliwa upya.

"Raheli," akasema Natanieli. Basi. Mtu mwenye mwandiko mzuri vile.

Padre akauliza, na watu wote wakamjibu kwa pamoja, na katika majibu hayo Banyani amechomwa, kaburi lina njaa, mama mwalimu amepagawa, kamba si mkono. Padre ni mtu mrefu, husikiliza akiwa ameinama kama anayepita mlango wa tembe. Akatazama moshi wa mtoni, ambao ulikuwa umebaki mwembamba. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha polepole, kwamba watakatifu wengi walichomwa moto na maadui wao, na wengine waliliwa na simba, na Mungu aliyemfanya Adamu kwa mavumbi hatashindwa na majivu wala na fisi. (Hapo alikuwa hajaambiwa habari za fisi. Mzee Yakobo akainua kichwa ghafla.) Akasema sisi Wakristo tunazika kwa sababu Bwana wetu alizikwa, tunamlaza mtu wetu alipolazwa Yeye, lakini tusidhani kwamba Mungu anatafuta watu kwa kufuata tuta.

Maneno mazuri. Ningeyafurahia zaidi kama ningeyasikia nimevaa.

Damari akanifunika kwa kaniki yake. Nikamchukua mwanangu kifuani kwa mama mkwe, alikuwa bado wa moto, na nikasimama mbele ya padre na nywele zimejaa udongo mwekundu. "Bwana padre, nina swali moja. Huyu akifa leo, mnamlaza wapi? Ndani ya ua au nje?"

Padre akafungua mdomo.

"Maana nje pana nafasi," nikasema. "Nimeipima."

Mume wangu akasema, "Raheli, Jumapili..." na Mzee Yakobo akasema, "Kanuni, bwana padre..." lakini akaishia hapo, kama mtu aliyeanza njia akakumbuka haendi huko. Padre akamgusa mtoto shingoni kwa nyuma ya vidole. Kisha akavua kofia, akamwomba mpagazi kibuyu cha maji ya safari.

"Nani atamshika?"

"Nitamshika mimi," akasema Damari, haraka mno, kana kwamba anaogopa miguu yake.

"Jina lake?"

Hapa mtaona ukaidi wangu. Jina lilikuwapo, Natanieli alilichagua tangu mimba, alitaka mtoto aitwe Wilihelmi kama Kaizari, ili bwana wa boma akisikia apendezwe. Natanieli akafungua mdomo alitaje. Lakini mimi nilikuwa nawatazama wale watu waliocheka, na waliorudisha miguu, na wala sikufikiri.

"Lazaro," nikasema.

Akabatizwa Lazaro, kwa maji ya kibuyu yaliyonuka moshi, kando ya kaburi la mtu asiyezikwa, akalia sana, na kilio chake kilikuwa na nguvu kuliko cha jana yake. Shimo wakalifukia vijana siku hiyo hiyo, kwa amri ya padre, tupu kama lilivyokuwa. Mzee Yakobo ndiye aliyeweka jembe la kwanza. Alifukia huku midomo yake inatembea, nami sikumwuliza anasema na nani.

Adhabu nilipata. Mlidhani nitaachwa? Padre alisema kaburi si mahali pa kuonyeshea hasira, akanikalisha kiti cha nyuma kabisa kanisani mpaka Pasaka, nyuma ya wanaojifunza kusoma, na Mzee Yakobo akaendelea kukaa mbele na koti lake. Mume wangu hakusema nami neno la maana mpaka mwezi ukaandama. Ratanji, alipofungua tena duka, aliniletea kwinini mwenyewe mpaka mlangoni, na alipoulizwa na mama mkwe kama samli yote ile iliwafaa, akasema, "Iliwaka vizuri sana, mama," na mama mkwe akaridhika kama muuzaji yeyote. Lazaro sasa anatambaa, anakula udongo kila anapoukuta, na watoto wakubwa wakipita wananiita Mama Ufufuo, na mimi naitika, nitafanyaje.

Lakini nimeapa, na nimeapa mbele ya mama mkwe ambaye hasahau kitu: mtu wa watu akifa, wa dini yoyote, wa nchi yoyote, sitashika jembe mpaka nibishe hodi na kuuliza nduguze, "Huyu wenu mnamfanyaje?" Na watu wakinikasirisha tena (na watanikasirisha, kanisa bado ni lile lile), nitasema nitakalosema, nitaingia popote nitakapoingia, ila kwanza nitapeleka mkono nyuma nipapase mgongo wangu.